Ishara Zote za Lyse

Jumatatu, 23 Juni

Leo nimeona kitu. Mwandiko unisamehe, naandika haraka kabla hakijanitoka.

Nianze mwanzo. Saa kumi na moja jioni nilikwenda saluni kwa Dada Leonia, hapa Gungu, kuchaji simu. Simu ilikuwa na asilimia tisini na mbili. Basi, nikiri: sikwenda kuchaji. Nilikwenda kuangalia Mtaa wa Malimau, ile tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili. Nina miaka kumi na sita, niko kidato cha tatu, na mle ndani mwanamume ni mimi tu. Hukaa kwenye kreti la soda karibu na soketi, uso mkali, kama mtu anayelinda simu yake isiibiwe.

Sasa. Orkan aliondoka miaka mitatu bila kumuaga Nilay. Leo amerudi. Mvua inanyesha. Yeye yuko nje ya dirisha, ameloa kama kuku. Nilay yuko ndani. Kati yao kuna pazia jeupe, jepesi. Mezani kuna limau lililokatwa nusu na glasi mbili za chai. Moja inafuka moshi. Nyingine imefunikwa, mdomo chini.

Hakuna anayesema. Hata muziki hakuna! Nilay anamtazama. Anamtazama tu. Halafu anaishika ile glasi iliyofunikwa, anaigeuza, mdomo juu.

Basi. Tangazo la sabuni.

Saluni nzima ililipuka: amemsamehe! Dada Leonia alibaki na kitana hewani. Mama mmoja aliyepakwa dawa ya nywele alisahau kwamba inamuunguza. Mimi machozi yalinitoka, nikasingizia dawa hiyohiyo.

Lakini nani alituambia kwamba amemsamehe? Nani? Tulikuwa watu kumi na mmoja, Waha, Warundi, mama mmoja wa Kalemie anayezungumza Kiswahili chake cha ng'ambo ya ziwa, na wote tuliisoma glasi kwa pamoja. Neno halikutamkwa!

Nimerudi nyumbani nikitembea taratibu, kama mtu aliyebeba mayai kichwani.

Maana mimi nimesomeshwa kwa lugha mbili, Kiswahili miaka saba, Kiingereza mwaka wa tatu huu, na zote mbili hunikimbia Lyse akitokea. Lyse ni binti wa Mama Irambona. Tumekaa darasa moja miaka miwili na nusu. Maneno niliyokwisha kumwambia ni haya: "Mambo." "Samahani." Na mara moja, "Rula."

Jumamosi anahama. Anakwenda Kasulu kwa shangazi yake, atasoma huko. Nina siku tano za kumjulisha kwamba nampenda. Mdomo hautaweza, naujua. Lakini kama vitu vinaweza kusema, mdomo wa nini?


Jumanne, 24 Juni

Saluni tena. Kwenye kiti cha kati alikaa Madam Verediana, mwalimu wetu wa fasihi! Nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama imeona chui. Nikamwamkia nikiwa nimeshika waya wa chaja ili aone nimekuja kwa sababu gani. Akaitikia marahaba, akaniuliza kama na mimi nangoja sehemu ya jana irudiwe. Madam hafichwi kitu.

Wakairudia. Mvua, pazia, glasi. Nikajikaza, nikamuuliza ile glasi inawezaje kusema vile. (Maneno kumi na mbili mfululizo! Kwa mwalimu naweza. Ugonjwa wangu una mipaka.)

Alisema kwenye picha hakuna kitu kilichojiweka chenyewe. Limau kaliweka mtu. Ni uchungu, na umeshakatwa nusu. Pazia kaliweka mtu, na mtu huyo alikaa akafikiri kwa nini pazia na si mlango: mlango hufungwa, pazia hupitisha mwanga. Glasi iliyofunikwa ni nafasi ya mtu ambaye hakutarajiwa.

Kidogo nianguke na kreti langu.

Njia nzima nilikuwa natazama. Ufagio umeegemezwa mlangoni kwa watu: nani kauegemeza, na kwa nini kushoto? Kandambili moja juu ya bati. Bodaboda kiti kimefunikwa nailoni na hakuna mvua. Dunia nzima imepangwa, na mimi miaka kumi na sita nilikuwa napita tu kama mbuzi! Nilisimama mbele ya genge la nyanya muda mrefu mpaka mwenye genge akaniuliza kama nanunua au namtabiria.

Kasoro ya siku ni Gasper. Gasper ni mtoto wa mama mdogo, tunaishi naye hapa kwa Bibi Rozalia, na ana mdomo kama spika ya mkutano wa hadhara. Anamsalimia Lyse kwa jina zima na jina la baba, kutoka upande wa pili wa barabara. Nikamweleza habari ya glasi. Akasema glasi iligeuzwa ili imiminiwe chai, sasa aliyetaka chai amiminiwe juu ya kitako cha glasi? Akaongeza kwamba nikizidi kukaa saluni nitasukwa.

Nilimdharau kimyakimya. Kimyakimya ndiko ninakojua.


Jumatano, 25 Juni

Mpango wa kwanza: glasi.

Nilichukua glasi mbili za wageni za Bibi, zile zenye mstari wa dhahabu, nikazifunga kwenye sweta, nikaenda nazo mwaloni Katonga, kule mitumbwi inakoshusha dagaa na wanawake huwaanika. Likizo hii huwa namlindia Bibi dagaa wasiliwe na kunguru, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kuniona. Chanja letu la kuanikia na la akina Lyse yamepakana, unaweza kunyoosha mkono ukafika. Miaka miwili na nusu naweza kunyoosha mkono nikafika.

Juu ya jiwe, kati ya machanja, nikapanga. Glasi moja na maji. Nyingine kifudifudi. Nikarudi nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa nikangoja.

Ziwa lilikuwa limetulia, milima ya Kongo imejichora ng'ambo, dagaa wanang'aa kama mtu kamwaga sindano. Niliona wazi kwamba mandhari iko tayari.

Lyse akaja na beseni kichwani. Akaziona! Akasimama! Akainama, akatazama glasi, akatazama huku na huku. Akauliza kwa sauti ni nani ameacha vyombo vya watu hapa, vitakanyagwa. Kisha, nasema kweli, alinyoosha mkono kuelekea ile iliyofunikwa.

Gasper akatokea. Alitokea wapi? Alikuwa ameletea mtu mizigo. Akaikamata ile glasi, akaigeuza, akajimiminia maji yote, akanywa, akajifuta mdomo, akasema shukrani kwa aliyeweka. Lyse akacheka.

Gasper ameigeuza! Kwa mkono wake! Kwa sheria za picha Lyse sasa ni mchumba wa Gasper. Nilikaa nyuma ya mtumbwi nikiwa na maumivu makali, mpaka nikapata hoja: haihesabiki, alikuwa na kiu.

Mama Irambona aliichukua ile nyingine kupimia chumvi. Bibi anatafuta glasi zake. Nimesema sijui.

Lakini! Kabla sijaondoka niliona kitu ambacho kimenifanya niandike nikiwa nimepiga magoti. Pale mwaloni kila mwanamke hufunga kitambaa kwenye kona ya chanja, ili ijulikane dagaa hawa ni wa nani. Cha Bibi ni cha bluu. Cha akina Lyse ni cha njano, siku zote kona ya kulia. Leo jioni Lyse alikifungua, akakipeleka kona ya kushoto. Kushoto! Upande wa moyo! Na upande ule ndio uliopakana na sisi!

Najua kitambaa ni alama ya mwenye mali. Hata glasi najua ni ya kunywea chai. Hoja siyo hiyo.


Alhamisi, 26 Juni

Asubuhi nimejibu.

Nilifika kabla ya watu kujaa. Bibi alikuwa ametandaza dagaa wabichi wa alfajiri chanja zima. Nikafungua kitambaa chake cha bluu kwenye kona yetu ya mbali. Nikakileta mpaka kwenye ule mti wa kona ya chanja la akina Lyse, wenye cha njano. Nikavifunga pamoja. Nilitaka fundo zuri, lenye heshima. Nikafunga la tai ya shule, fundo pekee ninalolifahamu.

Upepo wa ziwani ukaja. Vitambaa vikanyanyuka pamoja, bluu na njano, vikapigapiga, vikatulia, vikanyanyuka tena. Nyuma yake maji. Nyuma ya maji, nchi nyingine. Nilirudi hatua kumi nikatazama. Ni mimi niliyepanga vile! Nikafikiri: akiona hiki, Kasulu yenyewe itasogea karibu.

Nikaenda zangu saluni kwa amani. Orkan leo amevaa koti la kijivu. Nina mawazo mengi juu ya koti hilo lakini yamefutwa na yaliyofuata.

Niliporudi Katonga saa kumi na mbili kulikuwa na makelele ya kusikika mpaka Ujiji. Bibi haoni vizuri. Bibi hufuata kitambaa. Alikuta chake cha bluu kinapepea kwenye chanja la akina Lyse, akajua hawa ni wake. Akawazoa. Dagaa wa siku mbili, wakavu, wanaolia kacha ukiwakunja! Akawamwaga juu ya wabichi wake ili aanike mahali pamoja. Akawachanganya vizuri kwa mikono miwili, maana Bibi hafanyi kazi nusu.

Mkavu ukimchanganya na mbichi, mkavu ananyonya maji, mpaka kesho wote wananuka.

Na wale walikuwa dagaa wa safari. Lyse anakwenda kukaa nyumbani kwa mtu mwaka na nusu. Huendi kukaa kwa mtu mikono mitupu. Mama Irambona alichambua hao mmoja mmoja, wa saizi moja, kwa ajili ya wifi yake ambaye, inasemekana, huanza kumpima mgeni kwa kufungua mfuko wake. Lyse alikuwa amesimama, beseni tupu mkononi.

Bibi akalaumu upepo. Mama mmoja akalaumu kunguru. Mama Irambona akakishika kile kitambaa, akakigeuzageuza, akasema: Mana yanje, Mungu wangu, kunguru wa wapi huyu anayefunga tai?

Watu wote wakanigeukia. Wote. Mwaloni mzima hakuna mwingine ambaye bibi yake husifia fundo lake la tai kila Jumapili baada ya kanisa.

Nilitaka kusema yote. Nilisema: "Samahani." Sasa nimelisema mara mbili.

Kitu kimoja kwa kumbukumbu. Katika ugomvi Mama Irambona alieleza kwamba kitambaa chao kilihamishwa kushoto kwa sababu upande wa kulia ulishakauka na kufungwa kwenye mfuko, kikabaki kipande hicho tu. Haya ni maelezo ya mama. Mama huwa wa mwisho kujua.


Ijumaa, 27 Juni

Hukumu ilitoka jana ileile, ikatekelezwa leo: mimi na Lyse tukae chini, tutenganishe dagaa mmoja mmoja. Mkavu anavunjika ukimkunja. Mwenye maji anapinda. Anayevunjika kidogo na kupinda kidogo, unamnusa, unaamua. Kutoka saa mbili asubuhi mpaka saa tisa. Ungo mmoja. Magoti yetu yalikuwa na nafasi ya kiganja kati yake.

Sijawahi kuadhibiwa vizuri hivi.

Vidole vyake vinajua. Mimi namkunja dagaa, namsikiliza, namfikiria. Yeye anamgusa tu, ameshamtupa upande wake. Nilimtazama kama watu wanavyotazama fundi saa. Kuna wakati jua lilipiga mikono yake yenye magamba, nikaona viganja vya fedha. Nilisahau jina langu.

Nikafanya kazi ya kusoma. Mguu wake wa kulia ulielekea ziwani. Wa kushoto ulinielekea, lakini baada ya saa nne ulibadilika, nadhani kwa ganzi. Kitenge chake kina ndege, na ndege wote wanaruka kutoka kwangu kwenda kwake, isipokuwa aliyekatwa na pindo. Alijikuna pua kwa kifundo cha mkono mara tatu. Dagaa wakavu aliwaweka vichwa vikiwa upande wangu! Nikawageuza wangu vichwa upande wake, safu nzima, kwa kujibu. Bibi alipopita akauliza, yewe Nehemia, unawachambua au unawazika?

Lyse alizungumza sana. Sikuyashika yote, nilikuwa nimejaa. Aliniuliza kwa nini nilifunga vile vitambaa. Nikamtazama kwa maana. Akangoja. Nikaendelea kumtazama kwa maana. Akasema, haya basi. Akasema mwaka jana alimuomba mwalimu akae dawati la jirani na langu, na kwamba Gasper ni mtu mwema lakini anachosha masikio. Alisema basi linaondoka saa tatu na angependa nije, mimi siyo darasa zima. Alisema pia kama nina neno basi nilitoe kabla ungo haujaisha, maana yeye si mganga wa kubahatisha yaliyo tumboni mwa mtu. Hapo hasa ndipo ndege aliyekatwa na pindo alipokuwa ananikosesha raha, nikawa namhesabu.

Ungo ukaisha. Tuliokoa wengi, mfuko mdogo umejaa, wa shangazi. Mama Irambona alinusa, akasema watafaa. Nilikaribia kulia kwa furaha.

Jioni hii nimepitia ishara zote, nimeziandika, nimeziweka safu mbili. Hazilingani. Laiti angenipa dalili moja tu iliyo wazi!


Jumamosi, 28 Juni

Stendi.

Nilifika saa moja na nusu. Shati jeupe, kwa sababu ya pazia. Mkononi limau lililokatwa nusu, kwa sababu zinazoeleweka. Siku ya mwisho, nilijiambia, sitabana kitu: nimekuja na uchungu wangu mzima, na umekatwa.

Lyse alikuja na mama yake, begi, ndoo, na mfuko wa dagaa ameukumbatia kama mtoto. Gasper alikuwa amebeba begi. Hakualikwa! Alisema begi haliwezi kualika mtu, linabebwa tu. Akamwambia Lyse mbele ya watu wote safari njema, usitusahau, ukikuta vijana wa Kasulu waambie sisi huku tupo. Dakika moja! Na yote kwa mdomo, bila hata kitu kimoja mkononi. Sijui watu wa aina hii wanaishije.

Ikawa zamu yangu. Nikanyoosha limau.

Lyse akalitazama. Akanitazama. Akaniuliza taratibu, Nehemia, hili ni la nini? Konda alikuwa anapiga mwili wa basi kwa kiganja. Lugha zote mbili zilikuwa zimeshapanda basi jingine. Gasper akasema ni la kunyonya njiani, Lyse si hutapika kwenye gari? Mama Irambona akasema kijana huyu, licha ya mambo yake, ana akili. Lyse akalipokea, akalinusa, akacheka. Kicheko kile nilikiona mpaka mwisho wake, mpaka pale kinapozima kwenye kona ya jicho. Sitakielezea. Kuna vitu shajara haina haki navyo.

Kisha akaingiza mkono mfukoni akatoa karatasi iliyokunjwa. Akaniwekea kiganjani, akanifunga vidole yeye mwenyewe, kimoja kimoja. Akasema, kwa kuwa wewe huwezi kusema, mimi nimeandika. Akasema niisome leo, nimjibu, namba ya shangazi iko humo, na jambo fulani kuhusu shangazi kuondoka na simu kesho jioni kwenda Kalinzi kuvuna kahawa kwa miezi miwili, yeye abaki bila simu. Nilikuwa natazama vidole vyangu. Amevifunga vinne. Gumba kaliacha.

Basi likaondoka. Vumbi lilipanda, jua likaingia ndani ya vumbi, stendi nzima ikawa rangi ya mawese. Nilisimama pale mpaka mfagiaji akanizunguka.


Jumapili, 29 Juni

Iko hapa mbele yangu tangu asubuhi. Hata kanisani nilikuwa nayo.

Ni ya daftari la mistari. Imekunjwa mara mbili, halafu kona ikaingizwa ndani ya mkunjo, kwa uangalifu wa ajabu, yule aliyeikunja hakuwa na haraka. Upande mmoja kuna doa dogo la mafuta lenye umbo la kisiwa. Magamba mawili ya dagaa yamenata ukingoni. Mawili! Sikuwahi kushika kitu kilichosheheni hivi.

Gasper amenisihi tangu chai ya asubuhi. Alisema fungua, mwanaume, msichana kakuandikia namba. Mchana alisema kama naogopa atanisomea yeye, atafumba macho kwenye sehemu za aibu. Saa kumi alikuja na simu yake mwenyewe imeshawashwa, ameinyoosha, anakaribia kulia. Sijawahi kumuona Gasper akinionea huruma. Bibi alisema karatasi siyo yai, haitaanguliwa kwa kukaliwa. Hawa ni watu wema. Lakini kwao kila kitu ni cha kufunguliwa.

Saa kumi na mbili jioni niliiinua dirishani. Jua lilikuwa linashuka juu ya milima ya Kongo, likapenya karatasi, na maandishi yakatokea kwa ndani kama mishipa kwenye sikio la mtoto. Mistari mingi! Mingine juu ya mingine, mingine kinyumenyume. Ningeweza kusoma neno moja moja kama ningekaza jicho. Niligeuza uso kwa heshima.

Sasa jua limezama. Bibi ameita chakula. Shangazi wa Lyse, nadhani, yuko njiani na simu yake, Mungu amfikishe salama.

Sitaifungua. Lyse ananijua kuliko watu wote wa nyumba hii. Angetaka isomwe, asingeikunja.